Kiti cha Mama Kando ya Mizani

Kuna jambo moja nililolikubali kazini ambalo leo ningelikataa: kwamba watoto wachanga waletwe kituoni na bibi zao, wapimwe uzito na kuchanjwa, na mama zao wabaki ndani. Hakuna aliyenilazimisha. Msimamizi wa chanjo aliyetoka wilayani aliuliza kama inawezekana, akina bibi wakasema wako tayari, nami nikasema sawa. Nimewahi kutumia muda mrefu zaidi kuchagua samaki.

Wenzangu vijana, siku mliponiaga mliniomba niwaandikie niliyoyaona katika miaka ya uuguzi. Habari za vyeo naziacha. Vilikuwa vichache, na sikumbuki mgonjwa aliyepona kwa sababu mimi nilipanda cheo. Nitaandika juu ya kazi ilivyofanywa, na juu ya kiti kimoja.

Nilifika kijijini nikiwa na elimu ya sekondari, kozi fupi ya uuguzi niliyoisoma Pemba, mji wa jimbo letu, si kile kisiwa, na koti jeupe nililolipiga pasi ya mkaa mpaka likang'aa. Kituo chetu kilikuwa kaskazini ya Mocímboa da Praia, nyumba ya vyumba vitatu yenye paa la bati, karibu na bahari kiasi kwamba kila chuma tulichokuwa nacho kilikuwa na kutu, ukitoa sindano, nazo kwa sababu tulizitumia haraka. Mkuu wa kituo alikuwa Dona Celeste, muuguzi wa uzazi, Mmakonde wa Mueda. Alikuwa Mkristo peke yake kijijini, na katika Ramadhani alikula chakula chake cha mchana ndani ya ghala la dawa, amefunga mlango, ili asimtamanishe mtu. Aliniangalia mimi na koti langu.

"Hilo koti linajua kufagia?"

"Halijui, Dona Celeste."

"Basi livue, lisije likaona aibu."

Nilifagia. Halafu akanionyesha vyombo. Katika chumba kidogo cha mwisho, chenye mlango unaofungika, kulikuwa na mizani ya kuning'inizwa kwenye boriti, na suruali ya turubai ambayo mtoto huvalishwa ili aning'inie. Kulikuwa na kipimo cha presha ambacho kitambaa chake kilishonwa na kushonwa upya. Na chini ya mizani kulikuwa na kiti cha mbao chenye mguu mmoja mfupi, uliofungiwa kipande cha ndala.

"Hiki ni cha nani?" akaniuliza.

"Cha muuguzi."

"Muuguzi ana miguu. Hiki ni cha mama. Mtoto hapandi mizani kabla mama yake hajakaa hapa. Ukianza na mtoto, mama amekwisha mfunga mgongoni na yuko njiani anarudi kwake, na wewe hujui kama anatoka damu au hatoki."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kituo. Haikuandikwa popote, na kwa hiyo ilifuatwa.

Mama akikaa, Dona Celeste hakuanza kwa kumgusa. Alimuuliza amelala vipi. Kisha alivuta kope la chini kutazama wekundu wa damu, akafunga kipimo cha presha, akamlaza na kumbonyeza tumbo, akatazama miguu kama imevimba. Aliuliza juu ya kichwa na macho: kinauma, yanaona ukungu? Mwisho alinusa. Mimi niliona jambo la kunusa ni utovu wa adabu, mpaka siku alipokuja mwanamke mmoja aliyejifungulia nyumbani, amesindikizwa na wifi yake.

"Hujambo?" Dona Celeste akamuuliza.

"Sijambo."

"Damu?"

"Imekwisha."

"Homa?"

"Sina."

Wifi alikuwa amesimama karibu sana, akiitikia kwa kichwa kila jibu, kama mwalimu anayesikiliza mtoto akisoma. Dona Celeste akanusa, kisha akamwomba wifi yule afanye hisani akatuchotee ndoo ya maji, lakini asichukue ya kisima cha karibu, kina chumvi, aende kile cha mbali. Wifi alipotoka, mwanamke akaanza kulia. Alikuwa na homa tangu alipojifungua, na kipande cha kondo la nyuma kilikuwa kimebaki ndani. Alikuwa ameogopa kusema mbele ya wifi kwa sababu nyumbani walikuwa wamekwisha sema kwamba yeye ni mvivu. Alitolewa kile kipande, akatibiwa, akapona. Maji yalipofika, kwa kweli yalikuwa matamu, tukayanywa.

Mtaniuliza ilikuwaje kwa zile siku arobaini. Kama mnavyojua, kwetu mwanamke akijifungua huenda kwa mama yake, akakaa ndani. Anaogeshwa maji ya moto, anafungwa tumbo kwa kapulana, kitambaa kama kanga, anapewa uji, hapiki wala hachoti maji. Mumewe huja mlangoni, husalimia kupitia pazia na kurudi zake. Sina la kuwalaumu akina bibi. Sijaona wodi yoyote ya wilaya ambako mwanamke huogeshwa vizuri namna ile. Wale ambao hawakuweza kuja kwenye kiti, Dona Celeste aliwafuata. Alipita uani, alivua viatu, alinawa miguu, akaingia. Mimi sikwenda naye, maana ni mwanamume. Hivyo ndivyo nilivyosema, na kwa kuwa hakuna aliyebisha, nikaendelea kusema hivyo miaka yote.

Baadaye Dona Celeste alihamishiwa Diaca, karibu na kwao. Alichukua sufuria yake na redio yake, kiti akakiacha. "Uangalie ule mguu," akaniambia. Nikadhani anasema mguu wa kiti, si miguu ya mama wanaokikalia, na huenda ndivyo hasa alivyomaanisha. Nikabaki peke yangu pamoja na mkunga mmoja wa kijiji, mwanamke hodari aliyezalisha watoto wengi kuliko hospitali, lakini asiyetumia vipimo. Wa kumrithi Dona Celeste tuliahidiwa. Ahadi ile ilidumu kuliko mapazia ya kituo.

Sasa hakukuwa na mtu wa kupita uani. Mama walikuwa ndani, na watoto wao walikuwa ndani pamoja nao, na chanjo za mwanzo zikawa zinachelewa. Wilayani wakaona. Ndipo akaja yule msimamizi, kijana mstaarabu aliyevaa viatu visivyofaa kwa mchanga wetu, akaitisha mkutano kibarazani. Kwa upande wa akina bibi alisema Mama Atija, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mnadani. Huyo alikuwa mama mkwe wangu, kwa hiyo nilikaa wima.

"Mwanangu," akamwambia msimamizi, "wewe shida yako ni mtoto?"

"Ndiyo, mama. Mtoto apate chanjo kwa wakati."

"Basi kumbe ni jambo dogo. Mtoto tutakuleteeni sisi. Mama yake anakaa anapumzika, anafanya nini huku? Sindano anachomwa yeye?"

Watu wakacheka. Msimamizi akanigeukia mimi, muuguzi. "Inawezekana, enfermeiro?"

Nilikitazama kiti kupitia mlango wa chumba kidogo. Hilo nalikumbuka, na ndiyo sababu siwezi kusema kwamba nilisahau. Nikawaza juu ya foleni, nikawaza juu ya mama mkwe, nikawaza kwamba mama watakuja baada ya arobaini. Nikasema sawa.

Ilifanikiwa sana. Akina bibi walikuja asubuhi mapema, wamefunga wajukuu, wakitaniana kama watu waliopewa ruhusa ya kutoka. Watoto walipimwa, walichanjwa, walilia, wakarudishwa. Kwa kuwa hakuna aliyehitaji tena mlango wa kufunga, niliihamishia mizani kibarazani penye upepo. Kiti nacho nilikitoa, nikakiweka kisanduku cha barafu cha chanjo juu yake, maana urefu wake ulifaa. Wilayani walinipongeza, wakanipa saa ya ukutani. Ilikuwa nzuri, ila haikuwahi kutembea.

Na wale mama hawakuja baada ya arobaini. Kwa nini waje? Mtoto alikuwa na kadi, kadi ilikuwa imeandikwa, na bibi alikwishazoea njia. Katika semina nyingi nilizohudhuria, watu walikaa kwenye viti vya plastiki wakieleza kwa nini mwanamke akishazaa haonekani tena hospitali: mila, umbali, mume, ujinga. Umbali ni kweli, na mume ni kweli wakati mwingine. Lakini katika kijiji chetu sababu kubwa ilikuwa kwamba hakuna aliyemwita. Alipokuwa na mimba tulimwita kila mwezi, tukamgombeza akichelewa. Akishajifungua tulimwita mtoto. Yeye aliona, akaelewa kwamba habari yake imekwisha. Na akija mwenyewe, alikuta nini? Kibaraza, foleni ya mama wakwe, na muuguzi mwanamume anayeuliza kwa sauti "Unasumbuliwa na nini?" mbele ya watu wote. Mimi mwenyewe nisingejibu.

Mke wangu aliitwa Zainabo. Kazi yake ilikuwa kuvua pweza maji yakipwa, kwa fimbo ya chuma, na alitembea juu ya mawe ya mwamba haraka kuliko mimi kwenye barabara. Alikuwa na ulimi. Tulipoposana aliniuliza kama koti langu jeupe litakuja nami au nitakuja peke yangu. Tulikuwa tumekwisha pata mtoto wa kiume, Asani, na kwa hiyo aliniita Baba Asani, hasa akiwa na hasira.

Mtoto wa pili alijifungulia kituoni, mikononi mwa yule mkunga, nami nilisubiri nje kama mume mwingine yeyote. Alikuwa msichana, tukamwita Mwanasha. Zainabo alikwenda kwa mama yake, nami nikawa nakwenda mlangoni kusalimia pazia.

"Hujambo, mama Mwanasha?"

"Sijambo. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Mama, mpeni ugali, anajikausha ili watu wanione mke mbaya."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Sura yake sikuiona.

Siku ya mizani Mama Atija akamleta Mwanasha. Foleni ilikuwa ndefu. Nilimvalisha mwanangu ile suruali ya turubai, nikamning'iniza, akaning'inia kwa utulivu, ameongezeka vizuri. Nilifurahi, nikamtangaza kwa foleni nzima.

"Zainabo anakusalimu," Mama Atija akasema. "Anasema kichwa kinamuuma. Tangu juzi."

"Nani mwenye mtoto mchanga asiyeumwa na kichwa?" nikasema.

Foleni ilicheka. Mama Atija naye alicheka. Kipimo cha presha kilikuwa kabatini, nyuma yangu, umbali wa mkono. Nikampa vidonge vya maumivu ampelekee, nikamwita mtoto anayefuata.

Jua lilikuwa bado halijapinduka vizuri nilipoitwa. Mtoto wa jirani alikuja mbio, akasema Zainabo ameanguka, anatetemeka, na povu linamtoka. Nilichukua kipimo nikakimbia. Mlangoni nilisimama, kwa mazoea. Mama Atija akatoka akanishika shati, akanivuta ndani.

"Unasimama nini? Ingia!"

Niliingia. Hakuna kilichotokea kwa sababu ya mwanamume kuingia. Presha yake ilikuwa juu mno, sikuamini, nikapima tena, ikawa ile ile. Ninyi mmefundishwa vizuri kuliko sisi, mnajua kwamba kifafa cha mimba huweza kuja hata baada ya kujifungua, na kwamba kichwa kuuma na macho kuona ukungu ndizo salamu zake. Mimi pia nilikuwa nimefundishwa, na Dona Celeste, kando ya kiti. Nilimdunga dawa tuliyokuwa nayo, tukampakia kwenye gari la mchuuzi wa samaki aliyekuwa anaelekea bandarini Mocímboa. Alilala kati ya makapu, kichwa mapajani mwa mama yake.

Hospitali walimwokoa. Lakini damu ilikuwa imevuja kichwani, na alipoamka mkono na mguu wa kulia havikumsikia tena. Maneno yalirudi polepole, yakiwa yameviringika kidogo, ila makali yake yalikuwa yale yale.

Kibarazani pa hospitali nilimwambia Mama Atija, kwa hasira ya mtu anayetafuta pa kuiweka, "Mama, kwa nini hamkumleta?"

Hakuniinulia sauti, na hiyo haikuwa kawaida yake. "Ulitaka mtoto, mkwe wangu, nikakuletea mtoto. Kila ulipomtaka nilimleta. Mama yake hukumwita."

"Nilidhani hamtaki mwanamume aingie."

"Uliniuliza lini?"

Tuliporudi kijijini nilikishusha kisanduku cha barafu, nikakirudisha kiti chumbani chini ya mizani, nikatangaza kwamba mtoto aliyekuja bila mama yake hapimwi. Msimamizi hakupenda. Nikamwambia anaweza kuchukua saa yake. Wale wasioweza kutoka, niliwaendea. Niliwauliza akina bibi masharti, wakaniambia: pita uani, kohoa, vua viatu, nawa miguu, usije ukitoka mazikoni. Ni masharti mepesi kuliko ya ghala la dawa la wilaya, ambako huingii bila mihuri. Hakuna nyumba iliyonifungia mlango. Mama Atija alinitangulia katika nyumba za mwanzo, akibisha hodi kwa ile sauti yake, na wenye nyumba wakidhani kuna moto.

Tuliwapata wengi. Nilikuta homa zilizofichwa, matiti yaliyojaa usaha, damu iliyokuwa inatoka mno na kuambiwa ni kawaida. Nilimkuta msichana mmoja aliyekuwa mzima wa mwili lakini hakutaka kumtazama mtoto wake, na nilijifunza kukaa sakafuni na kunyamaza naye, kazi ambayo kozi ya Pemba haikuitaja. Kwa kila niliyempata niliwaza juu ya wale wa miaka ya kibaraza. Baadhi nawajua kwa majina. Walizikwa, na tulisema ni homa, ni shetani, ni siku zao. Sikwenda kuwaambia jamaa zao kwamba nilikuwa na kiti na nikakiwekea barafu. Nilipaswa kwenda.

Nyumbani Zainabo alijifunza kupika kwa mkono wa kushoto, na kunitania kwa mdomo wote. "Huu mkono wangu umestaafu kabla ya Baba Asani," alikuwa akiwaambia wageni, "na hata kapulana ya kuagwa haukupewa." Baharini hakurudi. Maji yalipopwa alikaa mlangoni, akisikiliza wenzake wakipita na fimbo zao, akiwauliza wanakwenda wapi, kama vile hajui. Mimi nilimpima presha kila asubuhi na kumpa dawa. Hapo sikukosea hata mara moja, na haikubadilisha kitu.

Kisha ikaja miaka ya kukimbia vita, mnaijua. Nilifanya kazi kwenye mahema ya waliohama, halafu tukarudi, kituo kikajengwa upya, kiti mkanunua cha plastiki. Kinafaa. Mwaka huu Mwanasha amejifungua, Pemba. Nilimpigia simu nikamuuliza kichwa, macho, damu, miguu, usingizi. Akacheka, akasema, "Baba, ni wewe peke yako hujaniuliza mtoto ni wa kike au wa kiume." Nikamwambia huyo ana foleni nzima ya watu wa kumuulizia.

Nimepita haraka kwenye miaka ya kukimbia, na Mwanasha akiyasoma haya atajua kwa nini. Alikuwa nasi, kaka yake Asani alikuwa amekwisha vuka kwenda Mtwara kwa biashara. Tulipotoka kijijini, watu walikwenda kwa miguu porini, wakielekea barabara ya Mueda. Wenye miguu miwili walitupita, wakiwamo wazee kuliko sisi. Zainabo nilimpakia kwenye baiskeli, nikamfunga kiunoni kwa kapulana ili asianguke upande wa kulia, nikamsukuma mchangani, na Mwanasha akishika nyuma. Dawa za presha nilizokuwa nimebeba ziliisha kabla ya njia. Kipimo kilibaki kabatini.

Tulipumzika pembeni ya mihogo ya mtu. Zainabo aliniangalia, akasema, "Baba Asani, kichwa kinaniuma. Na sina mtoto mchanga."

Alikufa hapo, kabla hatujaiona barabara. Waliokuwa wanatembea walifika wote. Yeye hakuweza kutembea, kwa sababu siku ile ya mizani sikumwita akae kwenye kiti. Nilikubali watoto waje bila mama zao, na nililipa kwa mke wangu.